CLAY CROSS: NANI MWENYE BARAZA LA MJI?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme juu ya halmashauri za miji: namna zinavyozaliwa, namna zinavyopita kutoka mkono huu hadi mkono ule, na namna zinavyokufa. Jambo hili ni pana, nasi hatutaki kuwachosha kwa kutaja kila nchi na kila mji. Tumechagua mji mmoja tu, mdogo, ulioko Uingereza katika jimbo la Derbyshire, kusini ya Chesterfield, nao jina lake ni Clay Cross. Mji huo ulikuwa na kiasi cha watu 10,000, na halmashauri yake ilikuwa na viti 11.

Huenda mtu akauliza, sisi watu wa visiwani tuna nini na mji wa wachimba makaa? Jawabu letu ni kuwa kila anayegombea kiti cha baraza la mji, popote alipo, yampasa ajue kabla ya kuomba kura ni nguvu gani atakayopewa, na ni nani awezaye kumnyang'anya. Katika Clay Cross swali hilo liliulizwa waziwazi, na waliolijibu walilipa kwa mali zao.

Kwanza tutazame asili yake. Kabla ya mwaka 1837 Clay Cross haikuwa mji. Mwaka huo George Stephenson, fundi mashuhuri wa reli, alikuwa akipasua njia ya gari la moshi chini ya kilima, na katika kuchimba ardhi yakaonekana makaa ya mawe na chuma. Hapo ikaundwa kampuni, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Clay Cross Company. Kampuni hiyo ilichimba makaa, ikayeyusha chuma, ikajenga nyumba za kukaa wafanya kazi wake. Mtu akifanya kazi, alifanya kazi kwa kampuni. Akilala, alilala katika nyumba ya kampuni. Katika mji wa namna hiyo si ajabu kuwa wakubwa wa kazi ndio pia waliokuwa wakubwa wa mambo ya mji.

Mwaka 1894 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoanzisha halmashauri za wilaya, za miji na za mashamba, na Clay Cross ikawa miongoni mwa wilaya za mji. Sheria hiyo ilikuwa na jambo kubwa ndani yake. Hapo zamani, katika mabaraza ya afya yaliyotangulia, mwenye mali nyingi alikuwa na kura nyingi, na maskini alikuwa na moja. Sheria ya 1894 ilisema kila mpiga kura atakuwa na kura moja tu. Iliondoa sharti la mgombea kuwa na mali, na ikawapa wanawake, hata walioolewa, haki ya kupiga kura na kukaa katika halmashauri hizo. Lakini haki hiyo haikuwafikia watu wote. Aliyekuwa hana nyumba kwa jina lake, kama vile mtoto mkubwa anayekaa kwa wazee wake, hakuwa na kura ya mji mpaka sheria ya mwaka 1945 ilipowapa kura ya mji wote waliokuwa na kura ya Bunge.

Mwaka 1947 machimbo ya makaa ya Uingereza yalichukuliwa na dola, na mchimba makaa hakuwa tena mtumishi wa kampuni ya mji wake. Basi pakawa na mambo mawili kwa pamoja: kura ilienea, na mkono wa mwajiri ukapungua. Katika miaka ya 1960 chama cha Labour kilitwaa madaraka ya halmashauri ya Clay Cross, na kufikia mwaka 1972 viti vyote 11 vilikuwa vyake. Miongoni mwa waliokaa katika halmashauri hiyo alikuwamo mchimba makaa aitwaye Dennis Skinner, aliyekuwa mjumbe kutoka mwaka 1960 hadi 1970, kisha akaingia Bunge kwa jimbo la Bolsover. Ndugu zake wawili, David na Graham, walikuwamo katika wale 11 wa mwaka 1972.

Sasa walifanya nini na madaraka hayo? Walibomoa nyumba mbovu na kujenga nyumba za halmashauri, nao wakaziweka kodi za chini ili mfanya kazi aweze kuzilipa. Mwaka 1971 serikali ya Conservative ilipoondoa maziwa ya bure kwa watoto wa shule waliopita umri wa miaka saba, Clay Cross iliendelea kuwapa watoto wake maziwa. Waliwaambia wapiga kura wao kuwa hawatapandisha kodi, na wapiga kura wakawachagua kwa neno hilo.

Ndugu wananchi, hapa ndipo mgongano ulipoanza. Mwaka 1972 Bunge lilipitisha sheria ya fedha za nyumba. Sheria hiyo iliziondolea halmashauri uwezo wa kuamua kodi za nyumba walizozijenga wenyewe, ikaamrisha kodi zipande kwa kiasi cha pauni 1 kwa wiki kuanzia Oktoba mwaka ule. Halmashauri nyingi za Labour zilipiga kelele, na baadhi zikaapa kuwa hazitatii. Lakini moja baada ya moja zilirudi nyuma. Clay Cross haikurudi nyuma. Wajumbe wote 11, miongoni mwao Arthur Wellon na mwanamke mmoja, Bibi Eileen Wholey, walikataa kutoza hata peni moja ya nyongeza.

Serikali haikupeleka askari. Ilimpeleka mkaguzi wa hesabu. Hili twaomba lisikilizwe vyema, maana wengi wetu tunadhani kuwa baraza huvunjwa kwa marungu tu. Katika sheria za Uingereza za wakati ule, mkaguzi wa wilaya alikuwa na uwezo wa kumlipisha mjumbe, kutoka mfukoni mwake, khasara iliyopatikana kwa uzembe wake au kwa mwenendo wake mbaya. Na khasara hiyo ikipita pauni 500, mjumbe hupoteza kiti chake na huzuiwa kugombea kwa miaka mitano. Januari 1973 mkaguzi aliandika kuwa kodi isiyotozwa imefika pauni 6,985, na kuwa wale 11 ndio watakaoilipa. Ukigawanya, ni pauni 635 kwa kila mmoja, nao walikuwa watu wa kazi, si matajiri.

Walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwashinda mwaka 1973, na Mahakama ya Rufaa nayo ikawashinda. Hoja ya majaji ilikuwa nyepesi kufahamika: halmashauri ni kiumbe cha sheria, na kiumbe cha sheria hakina haki ya kuikataa sheria iliyokiumba. Mwezi Oktoba 1973 serikali ikamtuma Kamishna wa Nyumba aje kutoza kodi badala ya halmashauri. Kamishna huyo alifika, lakini halmashauri haikumpa chumba wala msaada, na kazi aliyotumwa ikamshinda. Juu ya hayo halmashauri iliwaongeza mishahara watumishi wake wakati serikali imezuia nyongeza, na madai mengine ya fedha yakafuata juu ya yale ya kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka 1974 viti vyote 11 vilikuwa vitupu kwa amri ya sheria. Adui zao walitaraji kuwa mji umechoka. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Februari 1974 pakafanywa uchaguzi, na Labour ikasimamisha watu 11 wengine waliosema kuwa watashika njia ile ile. Wapiga kura waliwapa viti 10 kati ya 11. Pasiwe na shaka basi juu ya nia ya watu wa Clay Cross.

Lakini ushindi huo ulidumu kwa wiki chache tu. Sheria nyingine, ya kutengeneza upya serikali za miji katika Uingereza nzima, ilikuwa imekwisha pitishwa mwaka 1972, na siku yake ya kuanza ilikuwa tarehe 1 Aprili 1974. Siku hiyo halmashauri zote za wilaya za mji zilikufa. Clay Cross ikatiwa ndani ya wilaya kubwa zaidi, North East Derbyshire, pamoja na miji na vijiji ambavyo havikuwa na ugomvi na mtu. Mji uliomchagua mtetezi wake mara mbili ukajikuta ni sauti ndogo katika baraza la wengine.

Huenda mtu akasema, hayo yalikuwa ya serikali ya Conservative. Chama chao kiliporudi madarakani mwaka 1974 bila shaka kiliwaokoa. Kiliwaokoa nusu. Sheria ya mwaka 1975 ilizuia kulipishwa zaidi kwa ajili ya kodi zile, na sheria nyingine ya mwaka huo huo ilizirudishia halmashauri uwezo wa kuamua kodi za nyumba zao. Lakini kifungu cha kuwafungulia wale 11 mlango wa kugombea tena kilishindwa Bungeni, wala deni la kwanza halikufutwa. Wakubwa wa chama hawakupenda ionekane kuwa wanawalinda waliovunja sheria. Kwa hiyo yale waliyoyapigania yalipatikana kwa mji wa kila mtu, na adhabu ikabaki kwao.

Sasa tuseme fikira zetu. Wako wanaosema kuwa wale 11 walikosea, kwa sababu kila baraza likijichagulia sheria ya kutii, hapatakuwa na dola. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Leo baraza la wema litakataa kuwadhulumu maskini. Kesho baraza la wabaya litakataa kuwapa maskini haki yao, na litatoa mfano wa wale wema. Lakini wanaosema hivyo yawapasa wajibu na swali hili: ikiwa serikali kuu yaweza kuamua kodi, kumtoza mjumbe, kumwondoa katika kiti, kuleta kamishna, na mwishowe kulifuta baraza lenyewe, basi mpiga kura wa mji alipiga kura ya nini? Alichagua wawakilishi, au alichagua makarani?

Sisi twasema kuwa wale 11 waliivunja sheria, na hilo halifichiki. Walijua adhabu yake nao hawakuikimbia. Ahadi ni deni, na deni la ahadi yao kwa wapiga kura walilitanguliza mbele ya mali zao. Waliokosea zaidi, kwa maoni yetu, ni zile halmashauri zilizoapa mbele ya watu kisha zikanyamaza, maana ziliwaacha ndugu zao peke yao. Zingalikuwa mia zilizosimama, mkaguzi angalimtoza nani?

Tazama mfano wa kabla yao. Mwaka 1921 wajumbe 30 wa Poplar, mashariki ya London, wakiongozwa na George Lansbury, walitiwa gerezani kwa kukataa kulipa fedha walizodai kuwa zinawaelemea maskini wa mtaa wao. Baada ya wiki kama sita walifunguliwa, na Bunge likapitisha sheria ya kuzigawa gharama za kusaidia maskini baina ya mitaa tajiri na mitaa fukara ya London. Poplar ilishinda kwa sababu mitaa mingine ilianza kuifuata. Clay Cross iliachwa.

Na namna mambo yanavyogeuka: ule uwezo wa kumlipisha mjumbe kutoka mfukoni mwake uliondolewa katika Uingereza kwa sheria ya mwaka 2000. North East Derbyshire nayo, iliyokuwa kwa miaka mingi mikononi mwa Labour, ilichukuliwa na Conservative katika uchaguzi wa mwaka 2019, ikarudi kwa Labour mwaka 2023. Hakuna chama kilichoandikiwa mji milele.

Basi kwa kila mwenzetu atakayetaka kiti cha baraza, tuna maswali matatu ya kumwuliza kabla hatujampa kura. La kwanza, ni sheria gani inayokupa uwezo wa kutenda hayo unayotuahidi? La pili, ni nani anayeushika mfuko, na akiufunga utafanyaje? La tatu, wenzako wa miji mingine wamesema watasimama nawe, au wamekupigia makofi tu? Mgombea asiyekuwa na jawabu la maswali hayo huenda akawa mtu mwema, lakini atakuwa anaahidi kitu kilichomo katika sanduku la mtu mwingine. Na sisi wapiga kura, tukimpeleka mtu barazani kwa neno letu, haitufalii kurudi majumbani na kumwacha akabiliane na mkaguzi peke yake.