Skuli Ikikuita
Mazungumzo ya mhudumu wetu wa familia na wazazi, Matrah

Leo sikuja na habari za kodi ya nyumba wala makaratasi. Nimekuja kuzungumza juu ya watoto wetu wakubwa, wale wa miaka 13 mpaka 18.

Wengi mmenieleza maneno yanayofanana. "Mwanangu amekuwa mvivu." "Nikimsemesha hanijibu." "Tumemtoa kwenye taabu, sasa ananuna nini?" Pengine ni ujana tu. Lakini hali hiyo ikishika wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, masomo yameshuka, na hata mpira aliokuwa akiupenda hautaki tena, huenda ikawa ni sonona. Sonona ni maradhi. Si uvivu, si utovu wa adabu, wala si upungufu wa imani. Na kwa vijana mara nyingi haiji kwa machozi, huja kwa hasira.

Nayajua haya kwa sababu yalinipata. Januari 2001, baada ya watu kuuawa Pemba, zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Nilikuwa mtoto miongoni mwao. Baadaye, nikiwa sekondari, nilikuwa nalala darasani kwa sababu usiku sikupata usingizi. Nilichapwa kwa kulala. Hakuna aliyeniuliza kwa nini usiku silali. Mama yangu aliniombea dua, na ilinifaa. Lakini mama alikuwa na lake, walimu walikuwa na lao, na mimi nilikuwa katikati.

Wala jambo hili si la sisi wageni peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa kwa wanafunzi 5,409 wa sekondari hapa Oman, ulikuta dalili za sonona kwa asilimia 17. Yaani katika darasa la watoto 30, watano. Kwa hivyo mwanao si wa ajabu, na wewe hukushindwa kulea.

Ndiyo maana skuli za serikali zina mtu anayeitwa kwa Kiarabu akhisai ijtimai. Kazi yake ni kumsikiliza mwanafunzi mwenye shida na kuzungumza na nyumbani kwao. Baadhi ya skuli zina pia akhisai nafsi, mtaalamu wa mambo ya nafsi. Kama mtoto yuko skuli ya kulipia, uliza ofisini nani mshauri wa wanafunzi. Mtu huyo akikuita, usidhani mtoto anafukuzwa. Najua baadhi yetu tukisikia neno "ofisi" tu moyo hupiga. Nenda. Kama Kiarabu hakijakaa sawa, tuambie tukusindikize. Usimfanye mtoto mwenyewe mkalimani. Hatasema la moyoni huku anamtafsiria mama yake.

Msaada wenyewe ni nini? Mara nyingi ni mazungumzo. Kenya kuna mpango uitwao Shamiri, neno letu wenyewe. Vijana waliomaliza sekondari hukaa na wanafunzi katika vikundi vidogo, saa moja kwa wiki, kwa wiki nne. Huzungumza kwamba mtu anaweza kubadilika, hujifunza kushukuru, na kila mmoja hutaja anachokithamini. Utafiti wa wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, uliochapishwa 2021, ulionesha kuwa dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Miezi saba baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo.

Wengine watahitaji daktari. Anzeni kituo cha afya. Mkipelekwa Hospitali ya Al Masarra, kule Al Amirat, msione aibu. Ni hospitali ya serikali ya maradhi ya akili, na mgonjwa huenda hospitali.

Nyumbani, usimlinganishe na nduguye, wala usimuulize mbele ya watu. Jioni upepo ukianza kuvuma, mchukue mkatembee Kornishi, nyinyi wawili tu. Mkiwa bega kwa bega maneno hutoka kwa wepesi. Mwambie: "Mwanangu, naona huna raha. Sikukasirikii. Nataka kujua." Kisha nyamaza umsikilize.

Akisema anataka kufa, usimkemee kuwa ni haramu ukaliacha hapo. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake, weka mbali dawa na visu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, au piga 9999.

Dua tuendelee nazo. Dua na dawa hazigombani. Ila nawaomba jambo moja wiki hii: kabla skuli haijakuita, nenda wewe. Muulize mlangoni jina la akhisai, msalimie, mwambie mwanao ni nani na ametoka wapi. Siku ya shida ikija, mtakuwa mnajuana.