Nani Huchunga Amana Zetu Mitandaoni?
Mada iliyotolewa kwa vijana wa Habaswein



Leo tuzungumzie kazi ambayo wengi hapa kwetu hawaijui: kazi ya msanifu wa usalama wa mitandao katika taasisi kubwa, kama benki, hospitali au wizara.

Wengi hudhani huyu ni askari wa kukimbizana na wadukuzi. Sivyo. Hebu tazama mfugaji anapojenga boma. Kabla ya kukata miiba huamua lango litakuwa upande gani, ndama watengwe wapi, na fisi akivunja ua wa nje atakutana na nini. Msanifu naye huamua mapema nani aone nini, kompyuta zipi zitengwe na zipi, nakala za kumbukumbu ziwekwe wapi, na nani aamshwe mambo yakiharibika usiku.

Sasa sisi yatuhusu nini? Julai 2023 mfumo wa eCitizen, uliokuwa na huduma zaidi ya 5,000 za serikali, ulishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Wageni walikwama kwa viza, wasafiri wakashindwa kukata tiketi za treni. Serikali ilisema hakuna taarifa zilizopotea. Basi utauliza, hasara iko wapi?

Fikiria kisima. Mtu alete ngamia elfu moja wasio na kiu, awapange kwenye birika tangu alfajiri. Hakuna tone lililoibwa, lakini mbuzi wako hawanywi. Ndivyo ilivyokuwa: yalitumwa maombi ya uongo mengi mno, mfumo ukazidiwa. Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani kwa kuendesha kundi hilo.

Wa Nairobi mtandao ukianguka atapanda matatu aende ofisini. Wewe wa Habaswein je? Ni safari ya Wajir au Garissa, na nauli juu. Kwa hiyo msanifu lazima aulize kabla: huduma zote zikipita lango moja, lango likizibwa, mwananchi wa mbali atahudumiwa vipi?

Wizi wenyewe nao upo. Februari 2016 Benki Kuu ya Bangladesh iliibiwa dola milioni 81 kutoka akaunti yake ya New York. Wezi walikuwa wamelenga karibu dola bilioni moja! Walianza na barua pepe za kujifanya wanaomba kazi. Walipoingia, wakatembea ndani hadi kwenye kompyuta za kutumia pesa, kwa kuwa hazikutengwa vizuri na nyingine. Fisi alipita ua wa kwanza, akakuta hakuna wa pili.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ulinzi uingizwe kwenye mfumo tangu unapobuniwa, wala si kubandikwa baadaye. Taarifa za watu zikivuja na kuna hatari ya kuwadhuru, taasisi ina saa 72 tu kumjulisha Kamishna wa Data.

Lakini ugumu wa kazi hii hauko kwenye mashine. Uko kwa watu. Mkubwa atataka apewe funguo zote kwa sababu yeye ni mkubwa. Msanifu lazima amwambie kwa adabu: hapana, bosi, hata mimi sina zote. Kila mtu apewe kile tu ambacho kazi yake inahitaji. Asiyeweza kusema hivyo, vyeti vyake havitasaidia.

Kwa hivyo, kijana, soma hesabu, jifunze jinsi kompyuta zinavyozungumza. Na anza na amana uliyo nayo tayari. Mzee asiyejua kusoma akikupa simu umsomee ujumbe wa M-Pesa, akakutajia na namba yake ya siri, ameshakufanya mlinzi wa benki yake. Mfundishe aibonyeze mwenyewe. Na ile uliyoisikia, isikutoke mdomoni.