Jembe na maneno: mapatano kabla ya mavuno



Leo tuongee juu ya mboga. Labda mtu atasema: vita imetufukuza kwetu, nanyi mnatuletea habari ya lenga-lenga? Subiri kidogo, ndugu.

Hapa Kivu mvua inapungua mwezi wa sita, na kiangazi kinaenda mpaka mwezi wa nane. Mlimani udongo unakauka. Lakini bondeni, karibu na maji, ndio wakati wa bustani. Lenga-lenga inachumwa kisha majuma matatu ao mane. Mashu inaomba karibu miezi mitatu. Kwa jamaa iliyokimbia, hicho ni chakula cha karibu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amekimbia na watoto wanne. Baba mwenyeji anamuonyesha kipande cha udongo bondeni, kimejaa majani, anamwambia: «Lima tu, mama.» Mama analima, anatia samadi ya mbuzi, anamwagilia asubuhi na jioni. Mashu inafunga vizuri. Siku ile watoto wanakula bugali na mboga ya mikono yao, wanacheka. Mama anapeleka kikapu kwa baba, kwa shukrani.

Kesho yake baba anasema: «Kikapu tu? Nusu ni yangu.» Mama anajibu: «Baba, hukuniambia.» Usiku kijana wa baba anaingia kuvuna. Kufika juma lijalo, wageni wanasema wenyeji ni wachoyo, na wenyeji wanasema wageni wanataka kuwanyang'anya udongo.

Nani mbaya hapa? Wote wawili walisikia maneno «lima tu», lakini kila mmoja aliyaelewa kwa namna yake. Mama aliwaza zawadi, baba aliwaza kugawana. Tena baba alikuwa na woga ambao hakuusema: kwamba mgeni akilima leo na mwaka ujao, udongo utakuwa wake.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni vema. Lakini jembe bila maneno linaleta ugomvi.

Basi, kabla ya kulima, semeni mambo matano mbele ya mashahidi wa pande mbili.

La kwanza, mipaka: tembeeni pamoja, mpige vijiti.
La pili, muda: ni kiangazi kimoja ao viwili?
La tatu, mavuno: ni zawadi, ni nusu, ao ni kikapu?
La nne, maji na mbuzi: nani anachota wapi, na mbuzi akila mboga, nani analipa?
La tano, miti: aliyeazimwa udongo apande mboga, asipande migomba wala kahawa. Mboga inaisha na msimu, lakini mti unakaa miaka, na kwetu mti ni alama ya mwenye udongo.

Wenyeji, mkiombwa udongo urudi, ngojeni kwanza kilichopandwa kivunwe. Wageni, muda ukiisha, rudisheni bila kuvutana, na kushukuru.

Ninyi machefu, sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa Serikali, lakini vijijini watu wengi wanalima kwa desturi, bila karatasi yoyote. Kwa hiyo neno lililosemwa mbele yenu ndilo karatasi yao. Liandikeni katika daftari, kila upande upate nakala. Wala msiombe mbuzi kwa kazi hiyo. Chefu anayekula mbuzi kwa kushuhudia bustani ya mboga amevuna kabla ya mwenye kulima.

Wapendwa, mboga iliyolimwa kwa mapatano inaliwa bila kuangalia nyuma. Jioni hii, muulize jirani aliyekuazima udongo: «Baba, tulipatana namna gani?» Ulizeni sasa, mashu ingali midogo.