Muuguzi Anayeelekea Uingereza

Msikilizaji, leo tunazungumza na wauguzi wa Kenya wanaotaka kwenda kufanya kazi Uingereza. Leseni ya nyumbani pekee haitoshi. Lazima usajiliwe na baraza la wauguzi la huko, NMC. Lazima uthibitishe Kiingereza chako, mara nyingi kwa mtihani. Ukichagua IELTS, unahitaji alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika.

Kisha kuna mtihani wa kompyuta, unaoweza kuufanya kabla ya kusafiri, na ule wa vitendo, OSCE, unaofanyiwa kulekule Uingereza. Huu usiuchukulie mzaha. Mtahini anakutazama: umenawa mikono? Umemuuliza mgonjwa jina na tarehe ya kuzaliwa? Kabla ya kumpa dawa, umeuliza kama ipo inayomdhuru? Hata muuguzi wa miaka mingi wodini anaweza kuanguka hapo, maana amezoea kutenda kimyakimya. Anza leo kutamka kila hatua kwa sauti, hata ukiwa kwenye zamu.

Na wakala akikudai ada ya kukutafutia kazi, usimpe hata shilingi. Kanuni za serikali ya Uingereza za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje zinakataza ada hiyo.