Akili Inayoshika Baya Hufundishika



Yuko mtu anayeambiwa maneno kumi mema na moja baya, akalala na lile baya. Jirani humwita mvivu, wengine wakanong'ona kwamba karogwa. Huo waweza kuwa ugonjwa, unaitwa sonona, na kung'ang'ania ubaya ni mojawapo ya dalili zake.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na wenzao walitoa matokeo ya jaribio lililonigusa. Mgonjwa wa sonona alilazwa ndani ya mashine ya MRI, akaonyeshwa picha mbili zilizolaliana: uso uliojaa uchungu, na mandhari ya kawaida. Kazi yake ilikuwa kuangalia mandhari. Mashine ilisoma ubongo wake papo hapo. Mawazo yakivutwa na uso, uso ulizidi kukolea, akijinasua, ulififia. Mwanzoni wagonjwa walinaswa kwa muda mrefu kuliko watu wenye afya njema. Baada ya vipindi vichache, pengo hilo lilipungua. Walioshiriki walikuwa wachache, na hii bado si tiba ya kuandikiwa na daktari. Lakini inadokeza kwamba kunaswa huko si tabia wala ukaidi, na kwamba ubongo unaweza kuzoezwa kuachia.

Kwetu Burundi hilo ni kubwa. Nchi hii imebeba mauaji ya mwaka 1972, ikabeba na ya 1993. Mwaka huo wa 1993, huko Kwibuka, David Niyonzima, mchungaji wa Kwakeri, alinusurika shambulio lililowaua wanafunzi wake. Baadaye alianzisha THARS, shirika linalosaidia watu kupona majeraha ya moyo. Alijua kwamba kumwambia aliyeumia "sahau" hakutibu kitu.

Mashine ile ni ghali mno, na mimi sisemi tuingoje. Wenzetu wa Uganda walikwishatuonyesha njia. Matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji vya Masaka na Rakai yalitoka mwaka 2003. Wagonjwa walikutana kwa vikundi kila wiki, wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo, wala si madaktari. Kabla ya hapo asilimia 86 yao walikuwa na dalili kamili za sonona. Mwishoni wakabaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata vikundi, wagonjwa wenye dalili hizo walitoka asilimia 94 hadi 54.7 tu.

Wanaopanga bajeti ya afya, pelekeni vikundi vya namna hiyo kwenye vituo vya afya vya Muyinga, hadi kwenye milima ya mbali. Nawe mzazi, mume, dada: kama mtu wako halali, hali, na haoni jema lolote kwa wiki mbili au zaidi, usimsute. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge kina tawi hapo Gitega. Mshike mkono, mpeleke wiki hii.