Kaye moja ya karo kwa wafumaji wote

Maneno ya kundi la wafumaji mbele ya mkutano wa wanamemba, Kabalo



Mulituomba tuje kuwaeleza kazi yetu ya kufuma imefika wapi, na juu ya nini tunaomba kasha ya muungano itusaidie. Tutaonyesha vitu tunavyofuma sasa, kiisha tutasema neno moja ambalo njo kubwa kupita yote: mfano wa kazi yetu uandikwe. Usibaki paka ndani ya vidole.

Munajua tulirudi toka pande mbalimbali. Kuna waliokaa Nyarugusu, upande wa Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Kuna waliokaa Zambia, ku Mwange na ku Kala, na wengine walikimbilia Mantapala mwaka 2018. Kuna wale ambao hawakuvuka mpaka hata siku moja. Vita vya Batwa na Baluba vya miaka 2016 na 2017 viliwatoa mu vijiji vyao, wakalala chini ya nyasi karibu na miji. Kila mtu alijifunza kufuma pale alipokuwa. Tulipokaa pamoja mara ya kwanza, mikono ilisikilizana lakini vinywa vilikataa. Aliyetoka Tanzania anasema kitanzi. Aliyebaki huku anasema maye, sababu masista na mafwaye ya zamani walifundisha kwa Kifaransa. Mmoja anasema upande wa uzuri na upande wa ubaya, mwingine andrua na anveri. Ukisema "punguza", mmoja anafuma maye 2 pamoja, mwingine anaacha moja ianguke.

Sasa, mama mmoja akifuma kofia nzuri, mwenzake atafanya nini ili atoe ileile? Atakaa karibu yake siku tatu akitazama mikono. Na kama huyu mama ni mgonjwa, ao amehama tena, ule mfano umeenda naye. Sisi watu wa kukimbia tunajua vizuri: kitu ambacho hakikuandikwa kinapotea njiani.

Tulichopata kwa kulipa tatizo hili kinauzwa ku kila duka: kaye ya karo, ile ya watoto ya hesabu. Karo moja ni maye moja. Mustari mmoja wa karo ni mustari mmoja wa kufuma. Karo nyeupe ni uzuri, karo yenye nukta ni ubaya, karo yenye kamstari kalikolala ni maye 2 pamoja. Ni alama tatu tu. Mama ambaye hakusoma anazishika kwa asubuhi moja, na ndani ya kundi letu wamama Batwa na wamama Baluba wanatazama ukurasa mmoja bila kuuliza ni kwa luga ya nani. Alama haziko na kabila.

Lakini mbele ya kuchora, kupima. Hapa njo kazi nyingi zinaharibika. Sindano zetu nyingi tunatengeneza wenyewe. Rayo ya kinga ni nzuri kwa soksi, lakini ni nyembamba, karibu milimita 2. Inafanya kazi ngumu kama kikapu. Kwa kofia na pulovere tunachonga mianzi, tunaipiga na mchanga hadi iteleze, na kila mwanzi uko na unene wake. Ndiyo maana hatuamini namba ya sindano. Tunaamini kipande cha kupima: kila mama anafuma kipande cha sentimita 12 pande zote, anakiosha, anakiacha kikauke, kiisha anahesabu ndani ya sentimita 10 za katikati. Kundi letu limekubaliana: maye 20 kwa upana, mistari 28 kwa urefu. Ukipata 22, mkono wako unakaza, chukua sindano nene kidogo. Ukipata 18, chukua nyembamba. Hakuna mkono mbaya. Kuna sindano isiyokufaa.

Kazi ya kwanza tuliyo nayo sasa ni kofia za watoto wachanga. Mtu atauliza: Kabalo ni joto, kofia ya nini? Mtoto mchanga kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na ametoka na maji. Joto lake linatoka haraka hata mu inchi ya joto, zaidi sana usiku wa kipwa. Mtoto anayezaliwa chini ya gramu 2500, ambaye OMS inamwita mwenye uzito mdogo, hawezi kujipasha vizuri. Mwaka 1978, ku Bogotá inchi ya Kolombia, mganga Edgar Rey alianza kufunga watoto kama hao ku kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, sababu mashini za kupasha hazikutosha. Leo ile njia inaitwa ya kangaruu, inafanywa dunia nzima. Yule mtoto havai nguo nyingi: ni nepi, soksi na kofia. Ile kofia njo yetu.

Hesabu yake ni hii, na tunaomba muiandike. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi ni karibu sentimita 35. Kazi ya kufuma inavutika, kwa hiyo kofia inafumwa ndogo kuliko kichwa: sentimita 32. Maye 20 kwa sentimita 10 ni maye 2 kwa sentimita moja. 32 mara 2 ni 64. Kwa mtoto mdogo sana, sentimita 28, ni maye 56. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, sentimita 40, ni maye 80. Tazameni zile namba: 56, 64, 80. Zote zinagawanyika kwa 8, na zote zinagawanyika kwa 4. Nne ni ya ukingo wa kuvutika, uzuri 2, ubaya 2. Nane ni ya kufunga kichwa: unagawanya kofia vipande 8, na kila kipande kinapunguzwa maye moja.

Kofia ya 64 inaenda hivi. Fuma mistari 28, pamoja na ukingo. Ni sentimita 10. Kiisha fuma 6, mbili pamoja, hadi mwisho. Mustari wa kurudi, ubaya mutupu. Tena fuma 5, mbili pamoja, rudi. Fuma 4, mbili pamoja, rudi. Endelea hadi maye 8 zibaki. Kata uzi, pitisha ndani ya zile 8, vuta, funga. Ni mistari 14 ya kupunguza, sentimita 5. Kofia yote sentimita 15. Ile ya 56 inaanza kupunguza ku fuma 5, ile ya 80 ku fuma 8. Na sababu tunafuma na sindano mbili, wala si kuzunguka, kila kofia inaongezwa maye 2 za kushonea: 58, 66, 82. Mama akijua nane, anajua kofia zote tatu.

Kazi ya pili ni michoro. Kwa sababu kofia zetu zote zinagawanyika kwa 8, mchoro wa upana wa karo 8 unaingia ndani ya kila moja bila kukatika: mara 7, mara 8, ao mara 10. Mchoro wetu wa kwanza unaitwa Reli. Kabalo ni mji wa reli. Njia ya kutoka hapa ilifika ziwa Tanganyika mwaka 1915, na hata leo mtu akisema Kabalo, anafikiri njia za kwenda Kamina, Kongolo na Kalemie. Mchoro wenyewe ni mistari 7: mweupe mmoja, mweusi mmoja, ile ni chuma, kiisha mistari 3 ya weusi 2, weupe 2, weusi 2, weupe 2, ile ni miti ya chini, tena mweusi mmoja, mweupe mmoja. Ni sentimita 2 na nusu.

Mchoro wa pili ni Pirogi, na unafundisha jambo lingine. Tumbo la pirogi ni karo 6 nyeusi mfululizo. Wakati unafuma zile 6, uzi mweupe unapita nyuma bila kufumwa, sentimita 3 nzima. Ku kofia haina neno kubwa, lakini ku mikono ya pulovere kidole cha mtoto kitanasa mule. Sheria yetu: uzi usipite nyuma zaidi ya maye 4, ukizidi, uuzungushe na mwenzake katikati.

Na kuna hila ya kaye. Karo ya kaye upana na urefu ni sawasawa, lakini maye haiko vile; ni pana kuliko urefu wake. Ukichora mpira wa karo 14 kwa 14, utafuma yai lililolala: upana sentimita 7, urefu 5. Ili mpira utoke mpira, chora karo 10 kwa upana na 14 kwa urefu. Ku karatasi utaonekana mrefu kama boga, usiogope. Mikono itaurudisha.

Kazi ya tatu, ambayo tunaianza tu, ni pulovere za shule, buluu ya kuvaa juu ya shati nyeupe wakati wa kipwa. Hapa tunatumia hesabu ya mfumaji mmoja, Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kuhamia Marekani. Yeye alisema usibebe vitabu vya vipimo. Chukua maye za kifua, uziite 100, kila kitu kingine kitatoka mule. Mtoto wa kifua cha sentimita 55 anapewa pulovere ya 60 ili apumue. Ni maye 120. Mkono pa kiganja ni 20 kwa 100: maye 24. Mkono juu ni sehemu ya tatu: maye 40. Shingo ni 40 kwa 100: maye 48. Mtoto mwingine akija, unapima kifua tu.

Wandugu, kuna wamama kati yetu ambao hawapendi hii kaye, na wako na sababu. Wanasema: tukiandika, mtu atachukua ukurasa, atafuma Reli yetu, atauza ku soko kwa bei ya chini, na sisi tutalala njaa. Tumejadiliana sana. Jibu letu ni hili. Mtu anayenunua kofia moja hajali kipimo, lakini mtu anayetaka kofia 30 anataka zote zilingane. Mpaka leo maombi kama yale yanatupita sababu kila mama anatoa ukubwa wake. Kaye njo itatuletea kazi ambayo mama mmoja peke yake hawezi kupata. Ila tumekubali nusu ya maneno yao: hesabu ya kofia ni ya wote, hata wasio wanamemba, sababu mtoto mchanga haulizwi karte. Lakini mchoro uandikwe jina la aliyeuchora chini ya ukurasa, na anayetaka kuutumia kwa kuuza amwombe kwanza.

Limebaki neno la nyuzi. Zamani Kalemie ilikuwa na uzine ya Filtisaf, pamba ikasokotwa na kufumwa palepale. Leo lene tunayofuma inatoka mbali, ni ya plastiki, na kila mama anainunua mpira mmoja mmoja. Ubaya wake si bei tu. Rangi inapikwa kwa chungu; buluu ya chungu cha leo na buluu ya chungu cha kesho zinafanana ku duka, lakini ku jua pulovere inatokea na mustari. Ku karatasi ya mpira kuna namba ya chungu, na mipira ya kazi moja lazima iwe na namba moja. Hiyo inawezekana paka ukinunua nyingi mara moja. Tunatumia pia pulovere za balo, tunazifumua. Lakini tazama mshono wa ubavuni kwanza: kama umekatwa na mashini na kushonwa juu, usinunue, uzi wote utatoka vipandevipande. Uzi mzuri unazungushwa ku kiti, unalowekwa mu maji moto, unatundikwa na kajiwe chini, unanyooka.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kasha itukopeshe falanga za kununua lene nyeupe na buluu kwa mara moja, namba moja ya chungu. Tutarudisha kila kazi ikiuzwa, mbele ya Mama Kesiye, na daftari wazi. Pili, kaye ya mifano ikae kwa Sekretere kama vitabu vingine vya muungano, na nakala moja ikae ku nyumba nyingine, sababu tunajua nyumba zinaweza kuungua. Tatu, kila mwezi ukurasa mmoja wa kaye uchapwe ndani ya gazeti letu, ili ndugu waliobaki kule Nyarugusu na Mantapala waufume pia. Siku watakaporudi, watatukuta tunahesabu sawa.

Kipande cha kupima tumekiweka hapa ku meza. Mikono ikiwa safi, mukishike, muhesabu wenyewe.