MICHEZO YA KUWAFUNZA WATOTO WADOGO WAKATI WA LIKIZO KUBWA

(Hotuba ya mwalimu wa chekechea, mjumbe wa kamati ya elimu, Siku ya Mtoto wa Afrika, Nyarugusu)



Tarehe hii ya 16 Juni tunawakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Siku yenyewe huadhimishwa tangu 1991. Walionitangulia wamekwisha kuyaeleza hayo vizuri, sitayarudia. Mimi nimepewa dakika chache niseme juu ya watoto wa miaka mitatu hadi saba, na ile miezi miwili iliyo mbele yetu.

Shule zetu zinafuata programu ya Kongo: zinafungwa mwanzoni mwa Julai na kufunguliwa Septemba. Kwa mwanafunzi mkubwa likizo ni likizo. Kwa mdogo ni jambo lingine. Mama yuko kwenye foleni ya maji au ya mgao, baba ametoka kutafuta kibarua, na mlezi ni dada wa miaka tisa. Mtoto anashinda katika vumbi la kiangazi, karibu na mafiga ya jirani. Akirudi Septemba, ile moja hadi kumi tuliyomwachia imekwisha kupotea.

Ndiyo maana mwaka jana tulianzisha masomo ya likizo. Nakiri mbele yenu kwamba siku za kwanza niliharibu. Nilitundika ubao chini ya mti, nikawapanga watoto safu kwa safu, tukaimba a, e, i, o, u mpaka koo zikakauka. Wiki ya kwanza walijaa. Wiki ya pili nusu yao hawakuonekana.

Hawakuwa mbali. Niliwakuta nyuma ya nyumba wanacheza mdako. Nilikwenda na fimbo, sifichi, lakini nikasimama kwanza kuangalia. Mtoto mmoja, ambaye kwangu alikuwa hapiti nne, alirusha kokoto juu, akazoa mawe tisa kutoka shimoni, akaidaka. Akarusha tena, akarudisha sita, akabakiza matatu. Hakukosea. Mwenzake alipokosea, alimsahihisha kwa ukali kuliko mimi. Nikarudi, nikaushusha ubao.

Tangu siku ile tulikutana saa 2 hadi saa 4 asubuhi, kabla ya jua kali, na kazi ikawa mchezo. Tulianza na kuhesabia maharage. Siku ya tatu bibi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mnachezea chakula?" Alikuwa na haki. Mgao wenyewe tunaujua. Tukahamia kwenye kokoto na vizibo vya chupa. Hata hivyo kwa wale wa miaka mitatu vizibo na kokoto ni hatari, kwa kuwa huingia kinywani, na kitu kidogo zaidi huingia puani. Hao tuliwapa udongo wa mfinyanzi. Wazazi wengine walinung'unika kwamba tunawachafua watoto. Lakini kidole kinachokanda udongo na kufinyanga kingʼombe chenye pembe ndicho kitakachoshika kalamu bila kutetemeka.

Wakubwa kidogo tuliwapa kopo la nusu lita, dumu la lita 20 lililokatwa juu, na mchanga mkavu, kwa sababu maji si ya kuchezea. Tukawauliza: litajaa kwa makopo mangapi? Mmoja akasema kumi, mwingine akasema mia. Walipimiana asubuhi nzima wakifunga mafungu ya kumi kumi, na walipofika 40 walipiga kelele kana kwamba timu yao imefunga bao.

Lugha nayo tuliicheza. Nyumbani huyu anasema Kibembe, yule Kifulero, na darasa la kwanza litawadai Kiswahili, kisha Kifaransa kitafuata. Basi kila asubuhi kitendawili, na sharti kiwe kimetungwa na mtoto mwenyewe. Mmoja alitega hivi: "Nilikwenda naye akiwa mwepesi, nikarudi naye analia tumboni." Wazee walishindwa. Jibu lilikuwa dumu la maji.

Lakini mchezo uliowavuta kuliko yote ulikuwa ule wa duka, na hapo nina jambo la kuwaambia. Tulikuwa na msichana mdogo aliyefika na bibi yake kutoka upande wa Fizi. Karibu mwezi mzima hakutamka neno. Siku moja watoto waliligeuza duka kuwa kituo cha mgao, wakapanga foleni wakiwa na majani ya mti kama kadi, na yeye wakamweka nyuma ya boksi awe mgawaji. Alitutazama sote, akasema kwa sauti, "Leo hakuna. Rudini kesho."

Sisi watu wazima tulicheka, halafu tukanyamaza. Bibi yake alilia. Kuna aliyependekeza mchezo ule ukatazwe kwa kuwa ni wa huzuni. Mimi nilikataa. Kesho yake alirudi nyuma ya boksi, na safari hii akagawa, kopo kwa kopo, akihesabu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unataja mchezo kuwa haki. Hatuombi vinyago vya dukani, vinavyovunjika kwa wiki moja na kuleta ugomvi. Tunaomba mikeka, sabuni na maji ya kunawa, na kikombe cha uji ikiwezekana, maana mtoto mwenye njaa hachezi, anakaa tu.

Kwenu wazazi: wazee wawili kila asubuhi waje kusimulia hadithi, na msimwachie dada wa miaka tisa mtoto mgongoni kutwa nzima. Aje naye. Yule mdogo tutampokea, na dada atacheza nzango na wenzake, kwani naye bado ni mtoto.

Tunaanza Jumatatu ya pili ya Julai, chini ya mti uleule. Mwenye vizibo, makopo yasiyo na makali au vitambaa vya kushonea vikaragosi amkabidhi kiongozi wa kijiji chake kabla ya siku hiyo. Udongo tutauchimba wenyewe.